Uzoefu wangu: kutazama msimu wa langalanga wa 1982

Nimelipia huduma ya kutazama mtandaoni mbio za zamani za langalanga, yaani Formula 1, nikaanza na 1982. Ushauri wangu wa kwanza: fuateni ratiba. Mkirukia ajali za Zolder, Ubelgiji, mtaona kifo bila kujua kilikotoka.

Kilitoka Imola, Italia, Aprili 25. Timu nyingi zimegoma, magari yanayoanza ni 14 tu, na Renault zikishaharibika zinabaki Ferrari mbili mbele. Timu inawaonyesha madereva wake kibao cha kupunguza mwendo. Gilles Villeneuve anaamini nafasi hazibadiliki tena. Didier Pironi, mwenzake, anampita mzunguko wa mwisho na kushinda. Subirini jukwaa la washindi, msizime. Uso wa Villeneuve unatosha. Aliapa kutosema naye tena, na hawakupatana: Mei 8, akisaka muda wa kufuzu Zolder, alilivaa kwa nyuma gari la Jochen Mass, akafariki usiku ule.

Mwezi uliofuata, Montreal, Pironi anaanzia nafasi ya kwanza na gari linamzimikia palepale. Wengine wanamkwepa. Riccardo Paletti, kutoka safu za nyuma, hakumwona, akamgonga na kufariki. Zilibaki siku mbili atimize miaka 24. Huduma haiweki onyo lolote kabla ya picha hizi, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

Agosti, kwenye mvua ya mazoezi Hockenheim, Ujerumani, Pironi aliyekuwa akiongoza msimamo aligonga gari la Alain Prost na kuvunjika miguu. Hakurudi tena langalanga.

Katikati ya hayo kuna Monaco, ambako uongozi ulibadilika ovyo mizunguko ya mwisho hadi Riccardo Patrese akashinda bila kujua kwamba ameshinda. Nilicheka, nikajisikia vibaya kucheka.

Bingwa akawa Keke Rosberg, kwa ushindi mmoja tu na pointi 44. Pironi, bila kukimbia mbio za mwisho, alimaliza na 39. Wapo wanaoubeza ubingwa huo. Mimi siubezi: madereva 11 tofauti walishinda mwaka ule, na yeye aliokota pointi wakati wengine wakiharibikiwa.

Kuhusu huduma yenyewe: picha ni hafifu lakini hazikwami, bando linaliwa kiasi, utangazaji wa Kiswahili haupo. Kero kubwa ni picha za utangulizi, zinazoanika mshindi kabla hujabonyeza. Nawapa nyota nne. Mwezi ujao nalipia tena, nione 1983.