TAHADHARI: Baiskeli za umeme zenye stika ya "250W" hapa London

Ndugu zangu mnaosambaza chakula, kuna jamaa anauza baiskeli za umeme kwa matangazo ya mtandaoni. Mnakutana kwenye maegesho ya supamaketi, risiti hatoi, anataka taslimu tu. Nilimpa pauni 700. Wiki ya tatu polisi wakaichukua.

Ina stika ya "250W" pembeni, inang'aa kweli. Uongo mtupu. Ukizungusha mpini wa kulia inachomoka kama bodaboda, pedali hujazigusa, na inapita maili 30 kwa saa. Mjinga mimi nilifurahi, mlima wa Crystal Palace napanda bila jasho.

Sheria ya huku: mota isizidi wati 250, iache kukusukuma ukifika maili 15.5 kwa saa (kilomita 25), na mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi. Ikizidi hapo inahesabiwa pikipiki: usajili, bima, leseni, helmeti. Nilimuuliza kuhusu ule mpini, akanijibu, "Kaka, sheria imebadilika, sasa ni wati 500." Mwaka 2024 serikali ilikusanya maoni tu juu ya hilo, na halikupita.

Polisi waliinua gurudumu la nyuma, wakazungusha mpini, likakimbia bila pedali, sikuwa na la kujitetea. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Sasa sikia kilichoniumiza: nilifaulu mtihani wa gari mwaka jana tu. Ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo, leseni inafutwa, unarudi kuwa mwanafunzi. Leseni ya gari imeondoka na baiskeli!

Betri nayo imefungwa plastiki ya bluu, haina jina la kiwanda. Ilikuwa inapata moto nikiichaji usiku koridoni, mlango ndio huo huo mmoja, watoto wamelala. Nikikumbuka nasisimka.

Kabla hujatoa hela, inua gurudumu uzungushe mpini. Likikimbia bila pedali, ondoka. Tafuta maandishi ya kiwanda kwenye fremu. Stika ikibanduka kwa ukucha, ondoka pia. Dai risiti yenye namba ya fremu.

Mimi ameshanibloku. Jana nimeona tangazo jipya, jina lingine, lakini nyuma ya picha ni geti lile lile la kijani la tangazo la kwanza.