Tathmini ya huduma: fundi aliyefunga upya waya na swichi za taa za jikoni, Tabata

Jiko letu hapa Tabata, Dar es Salaam, lina milango miwili, mmoja wa kuingia sebuleni na mwingine wa kutokea uani, na taa yake ya dari huwashwa kwa swichi za tuwei, yaani swichi mbili zinazowasha na kuzima taa moja, moja kwenye kila mlango. Nilimwita fundi huyu kwa sababu swichi ya upande wa uani ilikuwa ikitoa cheche. Alipofika alinionyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla sijaiulizia, jambo ambalo kwangu lilikuwa mwanzo mzuri.

Hakukimbilia kubadilisha swichi. Alizima taa, akatoa balbu, akagusisha tesita kwenye ncha za holda moja baada ya nyingine, na tesita ikawaka kote. "Mama, taa imezima, lakini holda ina moto pande zote mbili," alisema, kisha akabonyeza swichi zote mbili, taa ikiwa bado katika hali ya kuzimwa, na safari hii tesita haikuwaka popote. Aliyefunga umeme mwanzo alikuwa amepeleka waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwenye kila swichi, akizichukua kwenye soketi za jirani ili asivute waya kutoka mlango hadi mlango. Katika mpangilio huo taa huzima pale pande zote za holda zinapopata kitu kilekile, iwe nyutro au moto, hivyo mtu anayebadilisha balbu kwa mikono yenye maji, akiamini kwamba swichi imekata umeme, anaweza kushika umeme wa volti 230. Zaidi ya hapo, moto na nyutro hukaa karibu sana ndani ya swichi moja, na cheche ikiziunganisha, hiyo ni shoti kamili.

Kazi ya kurekebisha aliifanya kwa utaratibu ninaousifu bila kusita. Alizima mein swichi, akahakikisha hakuna umeme kwa tesita ambayo muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameijaribu kwenye soketi yenye moto, kwa maana tesita mbovu nayo haiwaki. Kisha alileta waya wa moto kwenye ncha ya pamoja ya swichi ya kwanza, akavuta waya mbili kati ya swichi hizo, akatoa waya mmoja kutoka ncha ya pamoja ya swichi ya pili kwenda kwenye taa, na nyutro akaipeleka moja kwa moja kwenye holda bila kupita kwenye swichi yoyote. Sasa taa ikizima, moto haufiki kwenye holda, uwe umeizimia sebuleni au uani.

Aligundua pia kwamba taa zilikuwa zikipata umeme kutoka kwenye laini ya soketi ya friji, ambayo inalindwa na breka ya ampia 32, ilhali waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5. Waya huo ungeweza kupata joto na kuyeyusha ganda lake ndani ya ukuta huku breka ikiwa imetulia tu. Alivuta laini ya taa peke yake hadi kwenye breka ya ampia 6, inayobeba zaidi ya wati 1,300, kiasi ambacho taa za LED za jiko la kawaida hazikikaribii. Taa ya dari, ambayo kava lake ni la chuma, aliifunga erthi, kisha akabonyeza kitufe cha majaribio cha breka ya kuzuia uvujaji wa umeme, ile ya miliampia 30, na ikakata papo hapo.

Kasoro zipo. Plasta alipochimba kupitisha paipu ameiacha ikiwa na mabaka, na mpaka rangi itakapopakwa upya ukuta hautapendeza. Malipo aliyahesabu kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi, kama ilivyo desturi, lakini waya wa ziada wa kuunganisha milango haukuwamo katika makadirio ya kwanza, nami ningependa kuelezwa mapema. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba hakuandika kwenye sanduku ni breka ipi ya taa na ipi ya soketi. Nilimpigia simu, akaja kubandika lebo bila malipo na bila kununa.

Kwa kazi ya umeme wa jikoni nitamwita tena. Anayetaka kumtumia amwombe makadirio yanayotaja urefu wa waya, na amtafute mtu wa plasta mapema.