Katalogi ya Sarafu za Dunia: Je, Inamfaa Mkusanyaji wa Kisumu?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo niko nyumbani hapa Kisumu, na hiki mnachokiona mezani ndicho kile kitabu mlichonisumbua nacho: Standard Catalog of World Coins, juzuu ya 1901 hadi 2000. Tazameni unene wake. Kurasa zaidi ya 2,000, karatasi nyembamba, picha nyeusi na nyeupe. Changu ni cha mtumba na jalada limeanza kubanduka, lakini kurasa zote zimo.

Nchi zimepangwa kwa alfabeti, na kila sarafu ina namba inayoanza na KM, yaani Krause na Mishler, walioanzisha kazi hii. Namba hiyo ndiyo faida kubwa. Ukimwambia muuzaji wa London "Kenya KM 16", anajua papo hapo unataka ipi.

Na hiyo KM 16, wapendwa, ndiyo naipenda kuliko zote. Ni shilingi 5 ya 1973, ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Ina rangi ya shaba ya njano, sura ya Mzee Kenyatta, na pembe tisa. Hesabuni pembe! Kila wiki mtu hunitumia picha akisema anayo, kumbe ni shilingi 5 ya 1985, ile nyeupe ya Rais Moi yenye pembe saba. Ile ya Moi tuliitumia sana madukani. Hii ya 1973 ni adimu.

Sasa geuzeni hadi herufi E, si K. Hapa ndipo wengi hukwama. Sarafu za kabla ya Kenya kuwa na shilingi yake mwaka 1966 hazimo chini ya Kenya. Ziko chini ya East Africa. Nilipofungua mkebe aliouacha dani, yaani nyanya yangu, nilikuta ndururu (senti 5) na senti 10 zenye tundu katikati, nikatafuta jioni nzima kwenye kurasa za Kenya bila kuziona. Moja ni hii, subirini niisogeze karibu na kamera. Someni: EDWARDVS VIII, 1936. Mfalme huyu wa Uingereza alijiuzulu Desemba mwaka huohuo, kabla hata ya kutawazwa. Kwa kuwa sarafu zetu zilikuwa na tundu, hazikuhitaji kichwa chake, jina tu, na zikaingia sokoni. Dani alinunulia chumvi kwa jina la mfalme ambaye hakuvikwa taji. Mimi hilo hunisisimua hadi leo.

Upungufu? Upo, tena mkubwa. Ile shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, ya miaka 40 ya uhuru, haimo humu. Juzuu hii inaishia 2000, kwa hiyo utalazimika kutafuta ile ya 2001 kuendelea. Mwanzo nilikasirika kweli, maana 40 ndiyo sarafu ya ukumbusho ambayo karibu kila Mkenya anaijua.

Bei nazo ni za dola, zimegawanywa kulingana na hali ya sarafu. Zitumieni kulinganisha ipi ina thamani kuliko ipi, basi. Msiende soko la Kibuye mkamwonyeshe mama wa watu ukurasa mkidai hiyo ndiyo bei.

Kama unaanza, fungua Numista, katalogi ya sarafu ya mtandaoni, kwenye simu kwanza: ni bure, ina picha za rangi, na 40 ya Kibaki imo. Kitabu kinunue ukishakuwa na sarafu za enzi za ukoloni, na ukikipata kwa bei ya mtumba. Toleo la zamani halina shida, kwa sababu namba nyingi za KM hazijabadilika.

Mwenye pembe tisa nyumbani, tafadhali usiisugue kwa majivu wala limau. Iache na uchafu wake, ipige picha pande zote mbili, unitumie.