Banda la kokatoo la karakana ya Tabata: chuma chukua, kiota mpelekee seremala

Banda hili huchomelewa kwa oda: urefu mita 4.5, upana mita 1.5, kimo mita 2.1, fremu ya paipu za skwea, waya wa geji 10 wenye matundu ya inchi moja kwa inchi moja. Linatosha jozi moja ya kokatoo weupe, yaani kasuku wakubwa wenye kishungi, na la kusifu kwanza ni hiyo geji, unene wa waya. Kokatoo si chiriku. Waya wa kuku anaukata asubuhi moja tu, na ule mwembamba wa geji 16 anaupinda jicho moja moja mpaka kichwa kipite. Huu wa geji 10 haumpishi.

Kasoro iko kwenye umaliziaji. Waya umepakwa zinki, na zinki hiyo imeganda vitone. Pitisha kucha pale nyaya zinapokutana: kitone kama punje ya ulezi kinabanduka, kidole kinabaki na unga mweupe. Ndege hufanya hivyo hivyo kwa mdomo na ulimi, kutwa nzima, kisha humeza. Zinki ikimwingia mwilini hulegea, hutapika, hunywa maji kupita kiasi, na kinyesi huwa cha kijani na majimaji. Karakana hufunika maungio kwa rangi ya silva, na hapo inaongeza ubaya, maana rangi hiyo nayo hubanduliwa ikaliwa. Agiza banda lisipakwe rangi ndani. Likifika, ondoa vitone vyote kwa tupa, sugua kwa brashi ngumu na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza, rudia. Likinyeshewa na masika kabla ya kuingiza ndege, vizuri zaidi. Hatari hupungua, haiishi. Mwenye uwezo aombe waya wa stenlesi, hasa aliye Kigamboni au Mbezi Beach, ambako upepo wa chumvi hula zinki na kuacha kutu.

Sanduku la kiota linalokuja na banda halifai kabisa. Ni plaiwudi ya milimita 12 yenye tundu moja. Plaiwudi itatafunwa, lakini hilo ni dogo. Tundu moja huua. Dume la kokatoo mweupe mara nyingi huwa tayari kuzaliana kabla ya jike. Jike akikataa, dume humfukuza, jike hukimbilia kiotani, dume humzibia njia. Hutolewa humo mdomo umevunjika au amekufa, hata katika jozi iliyokaa kwa amani kwa miaka. Mpe seremala vipimo hivi: mbao ngumu ya inchi moja isiyotiwa dawa ya mchwa, sentimita 45 kwa 45, kimo 75, matundu mawili ya sentimita 15 kwenye pande zinazotazamana, ngazi ya waya ndani chini ya kila tundu, kidirisha cha ukaguzi ubavuni. Weka maranda makavu kina cha sentimita 10. Msimu ukikaribia, punguza manyoya machache ya kurukia ya bawa moja la dume, ili jike amshinde mbio.

Mayai kwa kawaida ni 2, hulaliwa siku 28 hivi, na kinda hukaa kiotani wiki kama 12. Miezi minne hiyo ndiyo inayolifanya paa liwe jambo kubwa. Bati tupu juu ya kiota mwezi wa pili Dar ni tanuri. Omba bati lifunike theluthi moja tu upande wa kiota, juu yake uweke makuti. Sehemu iliyo wazi iwekewe wavu wa pili sentimita 10 juu ya ule wa kwanza, la sivyo kunguru watatua na kinyesi chao kitaangukia vyombo vya chakula.

Mlango ni mmoja, na komeo la kusukuma. Kokatoo hulifungua. Mwaka 2013 watafiti wa Vienna walionyesha Goffin, aina ndogo ya kokatoo mweupe, akifungua vifungio vitano mfululizo, kwa hiyo tumia kufuli, na ulipie kibaraza kidogo chenye mlango wa pili ili akichomoka abaki humo. Goffin yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992. Akipotea, kumpata mwingine kwa karatasi halali ni kazi ngumu.

Karakana huleta banda kwa vipande na boliti, na watu wawili hulisimamisha kwa siku moja. Mimina zege kabla hawajafika, kisha uwaambie wazungushie bati kimo cha sentimita 60 kutoka chini, kwa nje. Panya mdogo hupenya tundu la inchi moja. Bati hilo pia huwazuia kuku wa jirani wasisogee kwenye waya, na kuku ndio waletao kideri.