Ngome ya Trim: ziara ya kufaa kwa wapenda nasaba

Ziara ya kuongozwa ndani ya mnara mkuu wa Ngome ya Trim, nchini Ayalandi, inastahili kabisa kiingilio chake. Ukoo wa de Lacy, wenye asili ya kijiji cha Lassy huko Normandy, Ufaransa, ulikwisha kumiliki ardhi mpakani mwa Wales, Ludlow ikiwemo, kabla Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza hajampa Hugh de Lacy eneo la Meath, ilipo Trim, mwaka 1172. Mnara huo wenye pembe 20 (nilizihesabu mara mbili) unaonyesha uzito wa zawadi hiyo kuliko hati yoyote. Ngazi ni nyembamba. Wenye magoti mabovu wajihadhari. Walter, mwana wa Hugh, alipofariki mwaka 1241, mashamba yaligawanywa kati ya wajukuu wake wawili wa kike, na Trim ikawa fungu la Matilda.