Uzoefu wangu na Field of Glory II: farasi wanaposhinda na wasirudi

Nimecheza michezo kadhaa ya kompyuta ya vita vya kale inayoendeshwa kwa zamu, na uliobaki kwangu ni Field of Glory II, uliotengenezwa na Byzantine Games na kutolewa na Slitherine mwaka 2017. Kilichoniweka hapo ni kanuni moja ambayo mwanzoni ilinikera sana: kikosi kinachomvunja adui hakiwi tena mikononi mwako. Adui akikimbia, wapanda farasi wako humfukuza zamu baada ya zamu, nawe huna amri ya kuwarudisha mpaka watakapoacha wenyewe.

Siku niliyoielewa kanuni hiyo nilikuwa naongoza jeshi la Waseleuko, watawala wa Siria ya kale, dhidi ya Waptolemayo wa Misri. Nilikuwa nimeweka farasi wangu bora upande wa kulia, wakalivunja bawa la adui, yaani upande mmoja wa jeshi lake, mapema, nikafurahi. Kisha wakaendelea kufukuza, huku katikati ya uwanja safu zangu za mikuki mirefu zikipambana bila msaada wowote ubavuni. Hivyo ndivyo ilivyomkuta Antioko wa Tatu, mfalme wa Waseleuko, katika vita vya Rafia mwaka 217 KK: alilishinda bawa la kushoto la Ptolemayo wa Nne, akalifukuza mbali, na alipotambua kinachoendelea nyuma yake askari wake wa miguu walikuwa wameshashindwa. Mwaka 190 KK, huko Magnesia, alifanya karibu jambo lile lile mbele ya Warumi. Mchezo ambao ungeniruhusu kuwageuza farasi wale kwa kubofya mara moja ungenipa uwezo ambao mfalme mwenyewe, akiwa juu ya farasi katikati ya vumbi, hakuwa nao.

Kanuni za mwendo zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Uwanja umegawanywa katika miraba, na kila kikosi kina kiasi chake cha mwendo, ambacho hupunguzwa na kugeuka na pia na ardhi mbaya. Askari wa mikuki mirefu wakiingia kwenye miamba au msituni hupoteza mpangilio, na nguvu yao kubwa hutoweka. Kikosi kilichokaribiana na adui hakiwezi kumpita kana kwamba hayupo. Kikishashikana naye, hukitoi kwa kutaka kwako. Kwa sababu hiyo maamuzi mazito hufanyika mapema, wakati majeshi bado yako mbali, na nimejifunza kutumia muda mrefu zaidi kwenye upangaji wa mwanzo kuliko kwenye zamu yoyote inayofuata.

Katika mapigano, mchezo hutenganisha mgongano wa kwanza na vita vya ana kwa ana vinavyofuata, na wanaotisha kwenye mgongano si lazima wadumu baadaye. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba idadi ya waliouawa haiamui mengi. Kinachoamua ni mshikamano: kikosi huanza kikiwa imara, kikayumba, kikavurugika, na hatimaye kikakimbia, na kuwaona majirani wakikimbia kunaweza kukishusha nacho. Shambulio la ubavuni au mgongoni hukishusha ngazi mara moja, isipokuwa washambuliaji wakiwa askari wepesi, ambao kazi yao ni kusumbua kwa mishale na mikuki ya kurusha na kukwepa wakishambuliwa. Bahati ina nafasi yake, na nimeona wakongwe wakivunjika mbele ya askari dhaifu, lakini kwa maoni yangu pigo la namna hiyo humwangamiza tu mchezaji ambaye hakuacha akiba nyuma.

Ushindi huhesabiwa kwa mantiki hiyo hiyo. Ni lazima asilimia 60 ya jeshi la adui iwe imekimbia, au asilimia 40 endapo hasara yake imezidi yako kwa angalau asilimia 25.

Ningempendekezea mchezo huu kila anayependa kupanga kwa utulivu, lakini si anayetaka kila kikosi kimtii mpaka dakika ya mwisho. Mimi sasa ninaposhika Waseleuko huacha vikosi viwili vya farasi nyuma ya mikuki, hata kama bawa la kulia linaonekana jembamba, na siviruhusu kusogea mpaka wale wa mbele wameshaondoka kumfukuza adui.