Sindano za kichaa cha mbwa hospitali ya wilaya: nawapa nyota nne

Nawaandikia wazazi wenzangu wa huku vijijini Morogoro, maana mtoto akiumwa na mbwa jioni huna muda wa kuulizia huku na kule. Mwanangu wa darasa la tatu aling'atwa kwenye kigimbi na mbwa asiyejulikana ni wa nani, na mbwa mwenyewe akatokomea mashambani.

Zahanati tuliyoanzia haikuwa na chanjo. Kijana wa zamu alitaka akishone kidonda, turudi Jumatatu. Nilikataa, nikakodi bodaboda hadi hospitali ya wilaya. Jambo hili bado linaniuma: kama dawa huna, basi mwelekeze mtu mahali ilipo, usimwambie asubiri. Kirusi cha kichaa kinapanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Hospitali ya wilaya walinipokea kwa namna nyingine kabisa. Muuguzi wa chumba cha sindano hakuanza na kadi wala risiti. Swali lake la kwanza: "Mama, kidonda kimeoshwa kwa sabuni?" Akamshika mtoto, akauweka mguu chini ya bomba, akaanza kusugua kwa sabuni ya kipande hadi povu likaingia kwenye matundu ya meno. Mtoto analia, yeye anamsemesha habari za Simba na Yanga, na mkono hauachi. Aliangalia saa ya ukutani mpaka dakika 15 zikatimia. Akapaka ayodini, na kushona hakushona. Alinieleza kwamba kidonda cha mbwa hakifungwi haraka, kwa sababu sindano ya kushona inaweza kukisukuma kirusi ndani zaidi. Kwa kazi ile peke yake, dada yule anastahili nyota zote.

Chanjo yenyewe wanaichoma juu juu ya ngozi, kidogo mkono huu na kidogo mkono ule, na pale sindano ilipoingia panabaki kivimbe kama punje ya dengu. Ile hadithi ya sindano nyingi za tumboni ni ya zamani, msiwatishe watoto nayo. Ratiba yao ni siku ya kwanza, ambayo wanaiandika 0, halafu siku ya 3 na ya 7. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2018. Kichupa kimoja kinahudumia watu kadhaa, kwa hiyo gharama ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyotajiwa kwa simu na hospitali binafsi, ambako wanachoma kwenye msuli na kila mara unanunua kichupa kizima. Mtoto alichomwa pia ya pepopunda.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya imunoglobulini. Hizo ni kingamwili zilizo tayari, zinazochomwa kuzunguka kidonda siku ya kwanza ili zimlinde mtu wakati mwili wake unatengeneza za kwake. Kidonda cha meno kilichopasua ngozi kinazihitaji, na pale hazikuwepo. Daktari alisema ukweli bila kuzungukazunguka, akanipa barua ya kwenda hospitali ya mkoa, na huko tukazipata. Lakini mzazi asiye na nauli angefanyaje?

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba walimpigia simu afisa mifugo mbele yangu. Muuguzi alinisisitiza nikawaambie vijana wa mtaani: wakimuua mbwa yule wasimpige kichwani, kwani kipimo kinachukuliwa kwenye ubongo. Afisa alifika kweli, akauliza nyumba kwa nyumba ni mbwa gani wamechanjwa. Wachache mno! Pemba walichanja mbwa kwa kampeni hadi kichaa kikaisha kisiwani, na sioni kwa nini sisi tushindwe.

Mkienda, fikeni asubuhi, kwa sababu kichupa kikishafunguliwa lazima kiishe siku hiyo hiyo na wanapenda kuwakusanya wagonjwa pamoja. Lakini aliyeumwa leo haambiwi asubiri wenzake: hata usiku wanamchoma, mlango wa dharura, upande wa maabara. Kadi ya chanjo msiipoteze. Mtoto akija kuumwa tena, atahitaji sindano chache zaidi na hatachomwa imunoglobulini.